Nilitafuta wazazi kwa snowball Ijara, nikaishia kuhoji ukoo wangu

Asalaam aleikum wakuu.

Nimeona nyuzi nyingi humu za watu wanaouliza "nitumie sampling gani kwenye thesis", na majibu ni yale yale ya notes za darasani. Acha niwaeleze yaliyonikuta mimi, bila chumvi. Nikikosea nisahihisheni, ila msiniletee definition.

Mimi ni binti wa Iftin, Garissa mjini, nafanya masters ya elimu. Nyumbani wananitania kwa jina la Waa Maxay, yaani "ni nini", kwa sababu siwezi kuacha kuuliza.

Swali la utafiti wangu lilikuwa moja: kwa nini wasichana wa wafugaji huko Ijara wanaacha shule kabla ya kumaliza primary?

Supervisor wangu, mama mkali lakini wa haki, alitaka simple random sampling. Chukua register za shule, piga kura, hoji wazazi wa majina yaliyotoka.

Nikamuuliza: msichana aliyeacha shule zamani, jina lake liko kwenye register gani leo? Na familia iliyohama na mifugo nitaipata kwa anwani ipi?

Akasema, "Haya, leta yako."

Nikaleta snowball. Unaanza na mzazi mmoja, akimaliza kujibu anakuelekeza kwa mwingine mwenye hali kama yake, na huyo kwa mwingine. Vitabu vinasema inafaa kwa watu wasio kwenye orodha yoyote. Nilijiona nimeshinda.

Ijara nilifikia kwa eeddo, dada yake baba. Yeye ndiye aliyenipa mzazi wa kwanza.

Sasa, kwa asiyejua: kwetu Wasomali, ukiingia boma la mtu, swali la kwanza ni wewe ni wa nani. Unataja baba, babu, baba wa babu, mpaka mwenyeji aone mnapokutana. Basi nikawa nataja, tunacheka, chai inakuja, maswali yanajibiwa, natumwa boma linalofuata.

Kazi ilikwenda laini mno. Mtu wa kushuku kama mimi, ulaini unamsumbua.

Majibu nayo yakaanza kufanana. Karibu wote walisema uniform na pesa za mitihani. Nikajiambia labda huo ndio ukweli.

Siku moja nikafika boma la mbali kidogo. Mama ambaye sikuwahi kumuona maishani akanikaribisha, na kabla sijakaa akauliza, "Na jino, limeacha kuuma?"

Jino nilikuwa nimeling'oa juzi yake. Niliyemwambia ni eeddo peke yake.

Jioni nikamtajia eeddo kila mtu niliyemhoji. Huyu ni nani kwetu? Mke wa binamu ya baba yako. Na huyu? Shemeji yake. Na huyu? Akaanza kucheka. Wote tulikuwa wa babu mmoja, ndoa zimezunguka humo humo, na wengi wao wamejenga karibu na shule.

"Kwa nini wananituma kwa watu wetu tu?"

"Ulitaka wakutume kwa mtu baki? Msichana peke yako, hujui utakula kwa nani? Hiyo ni aibu, si utafiti."

Hapo kitu kikakaa sawa kichwani. Vitabu vinadhani mtu akikuelekeza anakupa habari. Huku, akikuelekeza anakukabidhi kwa mwenyeji. Hakuna aliyenidanganya. Walikuwa wananitunza.

Lakini nilibaki pabaya. Muda wa kuwasilisha ulikuwa umekaribia. Nikipeleka nilichonacho, thesis ingesema tatizo la Ijara ni uniform, na kuna mtu ofisini angeamini. Nikianza upya, huenda nisimalize mwaka huu.

Nikaanza upya.

Nilijiuliza: ni wapi ambapo kila familia lazima ifike, iwe na jamaa pale au isiwe naye? Ilikuwa kiangazi. Jibu ni maji.

Nikaandika majina ya visima na silanga, yaani mabwawa ya kuchimbwa, zilizokuwa bado na maji kwenye vikaratasi, nikavitikisa ndani ya kikombe, nikachomoa vichache. Kwenye kila kimoja nilikaa na kuhoji kila familia ya tatu iliyofika. Wakija na ng'ombe, namhoji mwenye ng'ombe. Wakija na madumu, mama mwenye madumu. Asiyekuwa na binti aliyeacha shule namshukuru, naendelea kuhesabu.

Mfugaji mmoja hakufurahi. "Binti wa nani wewe?"

"Adeer, ami yangu, leo sikuja kwa ukoo. Umefika wa tatu."

"Na ningechelewa kumfunga ndama?"

"Ningemhoji aliye nyuma yako."

Akamgeukia wa nyuma. "Umeponea, ndugu yangu." Kisha akaegemea birika la kunyweshea ng'ombe na kuongea kuliko wote.

"Binti yangu hakukataa shule. Mvua ikinyesha kule, tunahama. Tukirudi, wenzake wamepanda darasa, yeye amebaki nyuma, na ndiye mrefu kuliko wote. Anaona haya kukaa na watoto."

Hilo la haya sikulisikia hata mara moja kwa jamaa zangu wanaoishi karibu na shule. Visimani nililisikia tena na tena. Uniform ilitajwa pia, lakini nyuma sana.

Niliporudi Garissa, supervisor alisoma, akauliza jambo moja tu: "Ni nani hafiki kwenye kisima chako?"

Nikamjibu: waliopoteza mifugo yote. Hao wako kijijini, wananunua maji ya mkokoteni wa punda. Niliwachagua peke yao, kwa kufuata safu za nyumba. Akachukua kalamu, akasaini.

Nilichojifunza ni hiki. Usiulize method ipi ni bora. Uliza mtu anakufikia kwa njia gani, na ni nani hapiti njia hiyo.

Ila bado kuna jambo linanikera. Mvua ikinyesha, maji yapo kila mahali na hakuna anayekuja kisimani. Ningefanya utafiti huu masika, ungenifia mikononi. Mlioko Diff, Wajir na kwingineko: msimu huo nyinyi mngewangojea wazazi wapi?