Kutu kwenye Kisu cha Baba

Kisu chenyewe nilikinunua sokoni Tabora mvua zilipoanza, cha kukunja, mpini wa mti mwekundu. Nilikichagua kwa taabu, nikamchosha na muuzaji, maana niliyekuwa namnunulia anavijua visu. Baba amerina asali katika misitu ya Ipole tangu mimi sijazaliwa. Kisu chake cha zamani kilipotea tulipomhamishia kwangu mjini, baada ya mama kufariki, na tangu hapo alikuwa akiupapasa mfuko wa shati lake kila mara, hata mbele ya wageni. Nilipompa kile kipya alikifungua, akakijaribu makali kwenye ukucha wa kidole gumba, akakikunja. Hakusema asante.

"Mvua zikiisha nitakwenda nacho," alisema.

Alikuwa na maana ya Ipole. Ndivyo tulivyokubaliana, yeye, mimi na mdogo wangu wa kiume anayelima tumbaku kule na kuitazama mizinga: baba akae kwangu mvua zikinyesha, kisha arudi porini kwa msimu wa kurina. Mdogo wangu akaniachia mimi neno la mwisho. "Wewe ndiye unayekaa naye, dada. Ukiona yuko sawa, mlete. Ukiona hayuko sawa, useme." Ni rahisi kusema hivyo ukiwa Ipole.

Haukupita muda kisu kikaanza madoa. Yalikuwa madogo, rangi ya chai ya rangi, karibu na pale kinapokunjia. Nikamlaani muuzaji na bidhaa zake. Nikakata ndimu, nikachota majivu jikoni, nikasugua mpaka vidole vikauma, nikakikausha, nikakipaka nta. Hii kazi alitufundisha mwenyewe. Nyumbani kwetu kisu hakikukunjwa kibichi. Kilipanguswa, kikaanikwa, kikapakwa nta iliyolainishwa juani, pande zote mbili mpaka kwenye kikunjio. Mtoto aliyekunja kisu kikiwa na maji hakuonja asali siku hiyo, alie asilie. Kwa hiyo mtu wa mwisho ambaye ningemdhania kukiharibu alikuwa baba.

Kutu ikarudi. Nikasugua, ikarudi tena, na safari hii madoa yalikuwa yameungana. Nilikuwa nimechoka. Asubuhi uji wake, dawa zake, maji yake ya kuoga, kisha mbio sokoni kwenye vitenge vyangu, kisha kurudi mchana kumtazama kama amekula. Sasa na kisu nacho kilitaka kuhudumiwa. Nilijiambia kuwa kinachonichosha ni kisu tu, na niliendelea kujiambia hivyo kwa muda mrefu.

Mchana mmoja nilikuwa nafua mashati yake nikakuta sisimizi wamejaa mfukoni. Kisu kilikuwa humo, kinanata, hata kukifungua ikawa kazi. Nikakinusa. Nikaenda nacho barazani, alikokuwa amekaa anakula embe.

"Baba, nani amekipaka kisu asali?"

Aliniangalia kwa huruma. "Asali wapi? Hiyo nta, mama." Mimi nimerithi jina la mama yake, kwa hiyo ananiita mama tangu nikiwa mchanga. "Kisu kisipopakwa nta kinaingia kutu. Niliwafundisha nini nyie?"

Nikacheka. Baba ni mtu wa utani, nikadhani ananichokoza. "Kumbe ndiyo maana kopo langu linapungua. Chovya chovya humaliza buyu la asali, baba."

Hakucheka. Nikaingia ndani, nikatoka na donge la nta na kopo la asali, nikaviweka mbele yake, nikamuuliza nta ni ipi. Alilishika lile donge, akaligeuza, akalinusa. Akakaa nalo kitambo. Kisha akaliweka chini na kunyoosha kidole kwenye kopo.

"Usinijaribu kama mtoto," alisema.

Niliumia. Niliona aibu pia, kwa sababu alisema kweli, nilikuwa nimemjaribu. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko vyote viwili, na sikujua nimkasirikie nani. Zamani watu walikuwa wakija kutoka Sikonge kumuuliza mtu huyu asali wanayoionja ni ya maua ya mti gani.

Tukaanza vita vya kimyakimya. Mimi nasafisha kisu, napaka nta. Yeye anaikwangua, anapaka asali. Nikificha kopo, anasubiri niweke asali kwenye chai yake, anachota kwenye kikombe. Siku nyingine nilimkaripia, akaupapasa mfuko. Jirani yangu, mzee wa Kiislamu anayeshona kofia, alinisikia akaniita pembeni. "Hujafa hujaumbika, binti yangu. Shukuru bado anakujua wewe." Nilimwitikia kwa heshima. Haikunisaidia kitu.

Mvua zikaisha. Malori ya tumbaku yakaanza kupita, na vumbi likarudi kwenye miembe ile ya njia ya zamani ya misafara ya pembe na watumwa, ambayo kwetu ni miembe tu ya kuokotea embe. Mdogo wangu akapiga simu jioni moja jua halijazama. Nilikuwa barazani, nimekaa mkekani karibu na baba, nimetoka kukisugua kisu na kukipaka nta.

"Dada, niandae kamba?"

Nikamtazama baba. Nikamwona juu ya mti, kamba kiunoni, moshi machoni, nyuki wamemzunguka, na hajui ashike nini, aachie nini.

"Usiandae," nikasema. "Hatakuja."

Mdogo wangu akasema atatuletea asali, kana kwamba tulikuwa tumepungukiwa na asali. Nikakata simu.

Baba alikuwa amesikia. Masikio yake ni mazima. Alinyoosha mkono, nikampa kisu. Akakifungua. Ubapa ulikuwa unang'aa, hauna hata doa. Akaupitisha kidole gumba taratibu, mpaka kwenye kikunjio.

"Hukukipaka nta, mama," alisema kwa upole. "Kitaingia kutu, na safari yenyewe ndefu."

Donge la nta lilikuwa bado mkononi mwangu. Nikaliweka mkekani. Nikaingia ndani, nikachukua kopo la asali na kijiko, nikarudi kukaa karibu naye, nikakipaka kisu asali pande zote mbili, mpaka kwenye kikunjio, kama alivyotufundisha.