Wiki ya Kujaribiwa kwa Mama Inga

Nilitoka Dandora, Nairobi, kwa sababu ya twiga. Mzungu mmoja alinunua kwangu kinyago cha twiga nilichokichonga, akaniuliza kama ningekubali kwenda kwao Marekani miezi mitatu kufundisha watu kuchonga. Nilikubali kabla hajamaliza swali. Mke wangu alinipakia shuka mbili na onyo moja: "Baba Mutua, usituaibishe huko majuu."

Siku ya pili ya safari, jioni, nilifika. Ni mji mdogo kando ya bahari, wenye nyumba za mbao na bendera za Norwei kila mahali, maana ndiko babu zao walikotoka. Samaki wao huliwa baridi, wakiwa wamelowekwa kwenye siki. Nilimeza, nikatabasamu.

Yule mzungu alikuwa amenitafutia chumba kwa mjane mmoja, Mama Inga, dirisha likitazama mashua. "Tutajaribiana wiki moja," mama huyo aliniambia kwa Kiingereza. "Tukishindwana, utaondoka." Chumba kingine cha kukodi hakikuwepo mji mzima. Kushindwana kulimaanisha kurudi nyumbani, na wapangaji wote wa ploti yetu walikuwa wameniaga kwa maombi.

Asubuhi ya kwanza nilimwokotea gazeti mlangoni. Akalipokea na kusema, "Taka."

Sasa, kwenye ploti yetu Dandora, mwenye nyumba akikugongea na kusema "Taka", hajakusalimu. Anakukumbusha kwamba zamu ya kufagia ni yako. Nilidhani yule mzungu alikuwa amemfundisha Kiswahili kidogo, kile cha maana. Nikatafuta ufagio, nikafagia jiko, baraza na ngazi. Mchana nilimsogezea chumvi: taka. Nikafagia tena. Kufikia siku ya tatu nilikuwa nafagia mara nne, hata kipande cha gati ambacho hakikuwa chake. Naye Mama Inga akazidi kununa.

Siku ya tano nilimpa mwiko niliouchonga mwenyewe, mpini wake una shingo ya twiga. Aliushika kwa mikono miwili. "Taka," akasema.

Hapo niliumia. Kufagia nitafagia, lakini kazi ya mikono yangu?

"Kama ni taka, nirudishie," nilimwambia. "Naenda kufunga mizigo."

"Funga," akajibu. "Siku tano unafagia nyumba yangu kana kwamba mimi ni mchafu. Nikikushukuru tu, unakimbilia ufagio."

"Umenishukuru lini?"

"Kila siku. Takk. Bibi yangu aliyetoka Norwei ndivyo alivyosema asante."

Niliketi kwenye ngazi zangu safi, nikamweleza taka ni nini kwetu. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Mimi nilicheka kwa kuchelewa, maana aibu ilikuwa imenijaa. Hakungoja wiki iishe. Alininyang'anya ufagio, akanipa ufunguo.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa tena Dandora. Jirani yangu fundi viatu alinisimamisha kabla sijatua sanduku.

"Niaje, Baba Mutua? Wasee, hao wazungu wa majuu, walikudharau?"

Nilitua sanduku kwanza. Aliyenidharau kule alikuwa mtu mmoja tu, yule aliyesikia taka kila aliposhukuriwa, na nilikuwa nimetoka naye hapa hapa Dandora, kwa tikiti moja.