Kata ya Maji ya Kache

Siku ile penye mfereji wetu kule Mjambere tulikuwa watano. Bibi yangu Mwanakombo, mzaa mama. Mjomba wangu Bakari, kitindamimba wake. Kache, jirani yetu wa bondeni, Mgiriama wa kanisani, na mwanawe Karisa mgongoni. Na mimi, ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota mara ya pili. Mama alikuwa ndani na mdogo wangu Omari, hajatimiza arubaini.

Harufu ya mfereji ule ningali nayo puani: sabuni ya mche na tope lililochacha. Ulianzia pale tulipofulia, ukapita nyuma ya bafu la makuti, ukateremka hadi mtoni. Mto wenyewe ulikuwa mdogo, mtu mzima aliuvuka bila kupandisha leso juu ya magoti. Sisi tulichota juu ya mfereji, kina Kache wakachota chini yake. Msimu ule wa vuli nguo zote za Omari zilifuliwa pale, na maji yake yakaenda zake. Bibi hakuona ubaya. Alikuwa mtu wa udhu na twahara, chombo kilichorambwa na mbwa kilioshwa mara saba, lakini maji yanayokwenda, kwake, hayakushika uchafu. Majirani wengi walisema vivyo hivyo.

Kache alikuja asubuhi, mvua imekatika. Alimwamkia Bibi, akatandikiwa mkeka, asikae. Karisa alikuwa akiharisha siku ya nne, macho yamezama, hata kulia halii. Akaeleza kwa utaratibu kwamba maji anayochota yana povu, na povu latoka kwetu. Bibi akamjibu kwa upole, kama afundishaye mtoto, kwamba maji yakishapita juu ya mawe na mchanga yametwaharika.

"Mama, mimi sikuja kuuliza twahara," Kache akasema. Akamimina maji ya kibuyu chake katika kata yetu, akamnyooshea Bibi kwa mikono miwili. "Nimeyachota kwangu sasa hivi. Kama ni safi, kunywa."

Mjomba Bakari alicheka, kisha akaacha. Bibi aliipokea kata, akaiangalia. Uzi mweupe ulikuwa ukielea ndani, uzi wa nguo za Omari. Akayamwaga taratibu karibu na miguu yake.

"Bakari."

"Labeka, mama."

"Lete jembe."

Lilichimbwa shimo mbali na mto, kimo cha mjomba. Chini mawe, juu yake changarawe, kisha mchanga, kisha makumbi ya nazi yaliyobadilishwa kila yalipoteleza. Ukingoni ikapandwa migomba, inywe yatakayozidi. Mjomba alilalamika kwamba maji machafu yajengewa nyumba na yeye hajaoa. Kache akawa anachota kwetu juu mpaka mvua zikaisha, na Karisa akapona polepole kwa maji ya mchele yenye chumvi.

Siku hizi pale pana magorofa. Mvua ikinyesha, wako wanaofungulia mashimo ya vyoo yaende na mafuriko, na mto umekuwa mweusi. Mwaka huu mtaa wetu umejenga mtambo mdogo wa kusafisha maji taka: matangi mawili ya kutulizia uchafu, kisha kitanda cha changarawe kilichooteshwa matete. Nilimwuliza fundi makumbi yako wapi. Akasema makumbi huoza, changarawe haiozi. Hapo kamshinda Bibi. Maji yatokayo mwisho ni maangavu, ila alituonya ni ya bustani, si ya kunywa.

Karisa, mzee sasa na mwenyekiti wetu, alisimama siku ya kuufungua mtambo akawaeleza watu kwamba mamake, mpaka anakufa, alisema Bibi Mwanakombo aliinywa kata yote bila kukunja uso, ndipo akaagiza jembe. Watu wakapiga makofi. Mimi niliona tope miguuni mwa Bibi. Karisa alikuwa mgongoni, macho hayafunguki. Lakini Kache ndiye aliyekuwa karibu na Bibi zaidi, na sikumjua kwa uongo. Kama yupo aliyemsikia Bibi au mjomba Bakari akiisimulia siku ile, aniambie nilipokosea.