Nepi ya Ushahidi

Shangazi alisingiziwa kwamba uji wake ndio uliomwangusha mtoto wa kaka yake, na wifi yake alilitangaza hilo uani mbele ya wapangaji wote. Mtoto alikuwa na miaka miwili, anaharisha damu, macho yamezama, hata kulia hawezi. Shangazi hakujua kusoma, lakini alijua kesi haisimami bila ushahidi. Aliokota nepi chafu, akaifunga mifuko mitatu, akaibeba kama mtu aliyebeba mayai, tayari kwenda zahanati.

"Wifi, unatutia aibu!" mama wa mtoto akalalamika.

"Aibu umeianza wewe. Beba mtoto, twende."

Zahanati, muuguzi alipofungua mifuko, uso ulimng'aa. "Nani kaleta hii? Maabara wanaitaka sasa hivi!" Akamtundikia mtoto dripu, akakataza dawa za kufunga tumbo, kisha akauliza mtoto alikula nini.

"Uji wa huyu," wifi akawahi. "Na kuku wa juzi kidogo. Kuku huyo alilala mezani, lakini nilimpasha moto."

Muuguzi akaacha kuandika. "Kuku wa juzi?"

"Hakuwa ananuka, jamani!"

Maabara waliona bakteria, mtoto akachomwa sindano, na siku ya tatu alikuwa akimvuta muuguzi hereni. Uji ule nyumba nzima iliunywa, na hakuna aliyeumwa hata ukucha.

Wifi aliporudi aliwaambia wapangaji kwamba Mungu ni mkubwa. Ni kweli. Lakini uji wa Shangazi hakuutaja, na radhi anayodaiwa bado hajaiomba: mbele ya wapangaji walewale, kwa sauti ileile.