Mpigapicha wa Nachingwea aliyegoma kuuziwa stendi mbovu

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu, na mwandishi yuko tayari kuapa kwa shehe asubuhi na kwa padri jioni, siku hiyo hiyo. Asiyeamini apande gari aende Nachingwea akaulize.

Saa kumi na moja alfajiri, Dionisia Saturnini anafunga mzigo kwenye baiskeli kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya lori. Chini ameweka kamera, imeviringishwa kanga mbili. Juu yake, kwa urefu, amelaza stendi: miguu mitatu iliyokunjwa, myeusi, myembamba.

"Leo Naipingo, kesho kutwa Narung'ombe," anasema, na kuiinua stendi kwa mkono mmoja ili mgeni aone. "Hii sasa ndiyo stendi."

Anatabasamu, lakini mtu asidhani ameridhika. Muulize aliipataje, uone uso unavyobadilika.

Dionisia ana miaka hamsini na mmoja. Alianza kupiga picha vijijini mwaka 1991, mumewe alipofariki na kumwachia kamera na watoto watatu. Anapiga picha za vitambulisho, za ndoa, za ubatizo, za maulidi, hata za mkulima aliyesimama na magunia yake ya ufuta. Mikanda inasafishwa Masasi. Akishatoa gharama, kwa kila picha anabaki na shilingi mia mbili na ushee. Watoto wamesoma kwa hizo.

Stendi yake ya kwanza ilikuwa ya chuma, na nzito kupita maelezo. Baiskeli ikianza kupanda mlima, gurudumu la mbele lilikuwa likiacha ardhi. Watu wa Naipingo walidhani amebeba kitanda cha zahanati, na mara mbili walimletea mgonjwa.

"Ilidumu sana," anasema. "Mgongo wangu ndio haukudumu."

Ndipo akaenda dukani kwa Yunusi, mfanyabiashara wa pale mjini anayeuza kila kitu, kuanzia misumari hadi redio. Yunusi akamtolea stendi inayong'aa kama sufuria mpya. Akamwambia ni nyepesi, ni imara, na atawarithisha wajukuu. Dionisia akalipa akaenda zake.

Mwaka jana, 2004, mwezi wa sita, aliitwa Likunja na Bi Mwamina, aliyekuwa anamtoa mjukuu wake unyagoni. Dionisia ni mtani wa ukoo ule, na kwao mtani hakai pembeni. Siku ya kumtoa mwali, mtani anakaa mbele kabisa, karibu na mwali, anapakwa unga usoni kama wenyeji, na picha ya ukoo isiyo na mtani inahesabika haijapigwa. Kwa hiyo Dionisia hawezi kushika kamera. Anaiweka kwenye stendi, anabonyeza kitufe cha kuifanya ijipige yenyewe, anakimbia kukaa.

Siku hiyo walikuja mpaka ndugu wa ng'ambo ya Ruvuma. Dionisia akabonyeza, akakimbia, akakaa. Mchanga ulikuwa umeingia kwenye vibanio vya plastiki. Mguu mmoja ukaanza kujirudisha ndani taratibu, kamera ikainama, ikaanguka kifudifudi, mgongo ukafunguka, mkanda ukaona jua. Picha zote za siku ile zikafia hapo.

Watu wote walimgeukia kwa uchungu mama mzazi wa Bi Mwamina, kikongwe aliyebebwa kwa machela kuja kukaa mbele ya lenzi. Bi Mwamina hakupiga kelele. Alikuwa na mjukuu mwingine wa kumtoa mwezi wa nane, basi siku ile ile akayasema haya mbele ya ukoo mzima:

"Mtani, nakupa nafasi moja. Mama yangu hana miaka ya kusubiri stendi yako ijifunze kusimama. Ikianguka tena, namwita mtu wa Masasi, na huku kwetu usikanyage na kamera."

Dionisia alielewa. Likunja na vijiji vya jirani ndiko kazi yake nyingi iliko. Neno la Bi Mwamina likishatoka, upande wote wa Ruangwa unamfungia mlango.

Akarudi kwa Yunusi na stendi iliyokufa. Yunusi akaigeuza, akapuliza vumbi, akasema tatizo ni mchanga. Stendi hii, akasema, haikutengenezwa kwa ajili ya mchanga.

Sasa hapo ndipo mtu mwenye akili zake anataka kutupa kofia chini. Kama si kwa mchanga, imeletwa Nachingwea kufanya nini? Kuna kijiji gani kati ya hapa na Ruangwa ambako mtu atatua mguu asikanyage mchanga? Watu wanaunda vitu vya kusimama kwenye mazulia ya watu wengine, vinapakiwa melini, vinatufikia, vinavunjika siku ya kwanza, halafu anayelaumiwa ni udongo wetu. Na anayetuambia hivyo amezaliwa papa hapa, na viatu vyake vimejaa mchanga huo huo.

Yunusi akaweka stendi nyingine tatu juu ya meza, zote ndani ya maboksi. Chagua, akasema, ila kufungua ni kununua.

Ilikuwa msimu wa ufuta. Yunusi huyo huyo ananunua ufuta pale barazani, na foleni ya wakulima ilikuwa imefika barabarani. Wote, hata Dionisia mwenye kishamba chake cha ufuta, wanaujua mkono wake. Anauzamisha kwenye gunia mpaka kiwiko, anachota chini kabisa, anatandaza kiganjani, anapuliza, anatafuna, kisha anasema una mchanga na anakata kilo.

Dionisia akamgeukia, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni.

"Bwana Yunusi, kwenye ufuta wangu unaingiza mkono mpaka chini. Unapuliza, unatafuna, unanikata kilo kwa ajili ya mchanga. Leo mchanga umevunja kitu chako, unaniambia mchanga haukuhusu. Basi na mimi naingiza mkono."

Mzee mmoja aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni akaanza kufunga mdomo wa gunia lake, akasema pole pole kwamba kama maboksi hayafunguliwi, na magunia nayo hayafunguliwi. Wa pili akafunga la kwake. Yunusi akayatazama magunia, akaenda kuleta kisu.

Dionisia alizitundika stendi kwenye mizani ya ufuta, moja baada ya nyingine. Akazipeleka uani, akazisimamisha kwenye mchanga mtupu, akavimwagia vibanio mchanga wa kutosha, akafungua na kufunga, akafungua na kufunga. Mwisho akaning'iniza ndoo ya maji katikati.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi kuliko zote, na kibanio chake kilipasuka ndoo ilipoanza tu kuning'inia. Ya pili ilisimama kama nguzo, lakini kwenye mizani ilikuwa imelingana na mtoto anayetambaa. Ya tatu, hii nyeusi, ilikuwa nyepesi kuliko jembe. Vibanio vyake ni vya chuma na miguu ina ncha za kuchimbia chini. Mchanga uliingia, akaikung'uta, ikashika. Ndoo ikaning'inia, miguu haikusogea.

Yunusi akasema hiyo bei yake ni ya juu. Dionisia akamwambia akate thamani ya ile iliyovunjika, kama anavyokata mchanga. Foleni ilikuwa bado inatazama. Akakata.

Mwezi wa nane, Likunja. Mwandishi alikuwepo, ameketi wa tatu kutoka kushoto. Kikongwe alikuwa mbele, amepakwa unga kwenye paji la uso, ameushika mkono wa mjukuu. Dionisia akabonyeza, akakimbia, akakaa. Mara fahali mwenye pembe za mkono mzima akakatiza mbio, akapita katikati ya miguu ya stendi. Stendi haikutikisika. Kamera ikalia, picha ikatoka, na Bi Mwamina sasa ameitundika ukutani.

Kwa sasa Dionisia anatafuta chumba cha studio Ruangwa mjini. Anataka pia kuagiza stendi kama yake na kuwauzia wapigapicha wenzake wa vijijini, na mlangoni ataweka ndoo ya maji na beseni la mchanga, kila mteja ajaribu kabla ya kulipa.

"Nimechoka kuona watu wanafumbwa macho na boksi," anasema.

Alitaka asomewe makala haya kabla hayajapelekwa gazetini. Alisikiliza vizuri mpaka msomaji alipofika kwenye fahali.

"Fahali gani? Likunja fahali ametoka wapi? Alikuwa mbuzi, tena alipita mbali."

Mwandishi akajaribu kusema kwamba kutokea pale alipokaa alionekana mkubwa. Dionisia akaingia ndani, akatoka na nakala ya picha ile. Wa tatu kutoka kushoto ni Kornel, mpwa wa Bi Mwamina. Mwandishi hakuonekana popote, hata nyuma, hata pembeni.

"Babu, siku ile ulikuwa kwako unaanika ufuta. Nilikupita nikakusalimia," akasema. "Na wewe ni mtani wangu. Mtani akikamatwa na uongo anatoa nini?"

Anatoa jogoo. Mwandishi alimleta jioni hiyo, mwekundu, mzito, anayewika vizuri, na moyo unamuuma mpaka leo. Dionisia hakumpokea moja kwa moja. Kwanza alisimamisha stendi uani, akaichimbia miguu yake kwenye mchanga, akaweka kamera.

"Mshike mabawa, babu, usitikisike," alisema. "Na picha utailipia. Hii ndiyo ya kupeleka gazetini."