Alert iliyonifanya nipige kigelegele katikati ya mazoezi ya kwaya

Wakuu, poleni na majukumu. Hii imenitokea mwenyewe hapa Likasi, mji wa migodi huku Kongo, na siongezi chumvi, ingawa chumvi imo.

Niko mwaka wa mwisho chuoni, naandika mémoire, yaani tasnifu ya kumalizia masomo. Swali langu: je, maji ya chumvi ambayo mama zetu hulowekea lengalenga, yaani mchicha, yanaondoa vumbi la migodi?

Mwalimu anayenisimamia alinipa sharti moja tu: "Kama muntu mwingine anaisha kufanya hii, utabadirisha sujet."

Wakuu, bustani ya majaribio nimeilima mwenyewe tangu mvua za kwanza! Nianze mada mpya?

Nikafungua alert kwenye database ya makala za kisayansi. Unaweka maneno yako, makala mpya ikitoka unaletewa kwa email.

Nikaweka "lengalenga". Kimya. Nikatamba nyumbani kwamba dunia nzima hakuna anayeligusa somo langu.

Dada yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Weye! Bale ba Ulaya banajua lengalenga?"

Nikaweka jina la Kilatini, pamoja na shaba na kobalti kwa Kifaransa na Kiingereza. Hapo email zikaanza kumiminika. Nyingi hazinihusu, nafuta tu.

Jumamosi, mazoezi ya kwaya parokiani, simu ikatetemeka. Makala mpya: mchicha, vumbi la shaba, kuosha majani.

Nikajua nimekwisha.

Nikaisoma wenzangu wakiimba. Kumbe watafiti wale wameosha kwa maji matupu! Mwishoni wanakiri kwamba njia za kuosha za wenyeji bado hawajazipima.

Kigelegele kilinitoka katikati ya "Bwana utuhurumie".

Mama yangu, mwimbaji wa sauti ya kwanza, akageuka: "Mutoto, iko nini? Nani anakufwa?"

"Hakuna muntu anakufwa, maman! Chumvi yako, bananiachia!"

Kwaya nzima ilicheka, hata mpiga kinanda.

Mwalimu aliisoma Jumatatu. "Bon, endelea." Nilitoka ofisini nacheza.

Nilichojifunza: usitambe kwa sababu ya ukimya. Tafuta jina wanalotumia wenzako, na alert ikija isome mpaka mstari wa mwisho kabla ya kulia.

Siku hizi Mama hanisalimii asubuhi. Anauliza kwanza, "Alerte inafika?", halafu anaenda kuloweka lengalenga zake kifua mbele.

Mnaoandika, alert zenu mmeziwekea maneno gani? Tupieni hapa, nina furaha mpaka nitawajibu wote.