Nilimkatalia Dada Yangu Mapenzi ya Mungu

Kosa ni langu, ndugu msomaji, na sina wa kumsingizia, hata Mungu.

Mimi si mtu wa hivi hivi. Nilijisomesha mwenyewe, nikaenda ng'ambo, nikarudi Kilifi na diploma ya theolojia. Pale kwetu Kibarani hakuna mwingine aliye nayo. Niliposhuka kwenye feri na suti yangu, watu walisimama kunitazama!

Jumapili ya kwanza dada yangu Kadzo akaalika majirani waje wanione. Nikamwambia, "Nipikie wali wa nazi, dada. Wa huko nilikotoka hauna ladha." Akakaa jikoni kukuna nazi. Mwanawe Karisa, ambaye ndiyo kwanza amejua kukimbia, akatoka uani. Kisima cha jirani kilikuwa wazi.

Tulimzika kesho yake.

Kwenye matanga akina mama walimkumbatia Kadzo. "Nyamaza, mwanangu, ni mapenzi ya Mungu." Mzee wa kanisa naye akasema hivyo hivyo. Nami, jamani, nikasimama! Jambo hilo nilikuwa nimeliandikia insha chuoni, nikasifiwa.

"Msimsingizie Mungu," nikasema. "Alimpa binadamu hiari. Yeye hamsukumi mtoto kisimani."

"Mwalimu, hayo si ya leo," mzee akaninong'oneza. "Keti."

"Ukweli ni wa siku zote, mzee."

Kadzo akainua kichwa. "Kwa hiyo si Mungu?"

"Si Mungu."

"Basi ni mimi."

Ningeweza kumkatalia. Hiari nilikuwa nayo! Lakini hoja ilikuwa imeelekea huko, na watu walikuwa wananitazama. Nikanyamaza.

"Nilichagua kukukunia nazi, kaka," akasema, akajifunika kanga usoni.

Tangu hapo hajaingia kanisani. Akina mama wakienda kumwita, huwajibu, "Kaka yangu amesoma, muulizeni yeye." Nami sisikii chochote moyoni. Nahubiri, narudi, nalala. Hoja yangu naipitia tena na tena, sioni kosa ndani yake. Loo! Inanifaa nini?

Ninyi mliosoma, nawaonya. Ukienda matangani ukasikia "ni mapenzi ya Mungu," itikia amina, ukae mkekani na wenzako. Usimwondolee mfiwa pa kuegemea kwa kuwa wewe unajua kubishana.

Dada bado hunipikia. Wali mkavu, bila nazi. Huweka sahani mlangoni, akaondoka. Naula wote.